Kapita wa Daraja na Vidonge vya Alhamisi

Watu wa Dilala, kambi ya wachimbaji mjini Kolwezi, walikuwa na swali moja kwa Mbelu, na hawakuchoka kuliuliza. Akipita asubuhi na mkoba wake kwenda zahanati, mtu angemwita kutoka uani:

"Mama Mbelu! Weye kabisa unafanya kazi gani? Unasoma bitabu bya bazungu ba zamani, ao unapima dawa ya malaria?"

"Yote mbili, tata," angeitikia. Tata kwao ni baba.

"Sasa njo namna gani? Mutu anaweza kushona nguo na kuchimba kaburi?"

"Kama anashona sanda," Mbelu angejibu, naye angeendelea na safari yake huku nyuma wakicheka.

Jibu la kweli lilikuwa refu. Siku hizi hakuna mwenye subira ya majibu marefu, lakini wakati ule watu walikuwa nayo.

Baba yake aliletwa kutoka Kasai na kampuni ya shaba akiwa kijana mwenye misuli, kabla ya uhuru. Alipewa nyumba ya matofali Dilala, akaoa, akazaa. Kwa hiyo Mbelu alikuwa Mkasai kwa jina na kwa vyakula vya sikukuu. Kwa mengine yote alikuwa mtu wa Kolwezi, na Kasai yenyewe hakuwahi kuiona hata kupitia dirisha la treni. Kampuni enzi hizo ilikuwa baba na mama. Ilitoa unga, ilitoa shule, ilitoa hospitali yenye mashuka yaliyopigwa pasi. Nani leo amelala hospitalini juu ya shuka lililopigwa pasi? Mtoto wa mchimbaji akiwa na kichwa chepesi alipelekwa chuo kikuu Lubumbashi, na huko Mbelu aliwashangaza wote. Hakuchagua sheria wala uhasibu. Alichagua fasihi ya Zama za Kati, mashairi ya Kifaransa cha kale yaliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama, kabla mashine ya kuchapa haijaota hata katika kichwa cha mtu.

Alipenda shairi moja kuliko yote. Zilibaki nakala zake mbili tu, na mwalimu wake, padri mmoja wa Ubelgiji, alimwachia picha za kila ukurasa. Kazi yake ilikuwa kuzilinganisha neno kwa neno. Mnakili wa kwanza alikuwa mvivu, akaruka mistari. Wa pili alikuwa mcha Mungu mno, akaongeza sala mahali pasipo na sala. Mbelu alijifunza kuwajua wanaume hao wawili waliokufa zamani kama mtu anavyowajua mashemeji zake. Nakala zote mbili zilikuwa zimechanika mwishoni.

Ualimu haukumpa kazi ya maana, lakini hospitali ilimpa. Daktari Mwenze, mwenyeji wa kaskazini ya Katanga, mtu mwema ila mwoga wa kila kilicho juu yake, alikuwa ameletewa jaribio la dawa mpya ya kukinga watoto na malaria. Alihitaji mtu wa kulisimamia tangu mwanzo hadi mwisho, mtu ambaye hatachoka kulinganisha kadi na kadi.

"Unajua nini kuhusu malaria?" alimwuliza.

"Nilishaugua mara nyingi, Dokta."

"Na kuhusu majaribio?"

"Najua kwamba mwandishi mvivu anaruka, na mwandishi mwenye bidii nyingi anaongeza. Nitawachunga wote wawili."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kazi akampa.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Nusu ya watoto wangepewa dawa mpya, nusu nyingine dawa ya zamani, na mpaka mwisho mtu yeyote, awe mama au daktari, asijue nani anapata ipi. Wangemeza kila Alhamisi majira yote ya mvua. Mvua zikiisha, kila mtoto angetoa tone la damu kidoleni. Bila tone lile la mwisho, majira yote yangekuwa kazi ya bure.

Mwanzoni Mbelu aliwapa akina mama vidonge waende navyo nyumbani. Hilo lilikuwa kosa, na ilimbidi alione mwenyewe ndipo aamini.

Mama Fidélie na Mama Kanku walikaa ua mmoja. Fidélie alikuwa mke wa Tata Mukalay, fundi wa pampu kwenye shimo la Mashamba, watu wa kaskazini ya Katanga. Mama Kanku alikuwa mjane, asili yake Kasai. Kila mmoja alikuwa na mtoto katika jaribio. Alhamisi moja Mbelu alifika kwao bila kubisha hodi ya pili, akawakuta wawili hao wameinamia jiwe la kusagia, na Mama Fidélie ameshika kisu.

"Munafanya nini?"

"Tunakata kinini," akasema Mama Fidélie bila haya. Kinini kwao ni kidonge chochote, cha homa au cha tumbo.

"Munakata kwa sababu gani?"

"Mama Mbelu, tazama. Mutoto wangu unamupa yake, na mutoto wa Kanku unamupa yake. Ile sahani unaona kule, banakula yote mbili humo tangu bananyonya. Sasa dawa, moya akule peke yake, mwingine amutazame? Tunakata katikati. Kila mutoto nusu ya huku, nusu ya huku."

"Njo bukarimu," akaongeza Mama Kanku.

Mbelu alikaa chini juu ya kinu. Alitaka kulia, akajikuta anacheka. Katika vitabu vyake vyote vya kusimamia majaribio hapakuwa na sura hata moja kuhusu akina mama wasiotaka mtoto ale peke yake. Alizunguka kambi nzima siku ile, na kila ua alikuta kisu.

Alianza upya. Kuanzia hapo watoto wangemeza mbele yake, zahanati, wakiwa na mama zao. Na kwa kuwa dawa ile ilichafua tumbo, walitakiwa kukaa pale muda wa kutosha, asije mmoja akaitapika nyuma ya ukuta. Lakini mtoto hakai, na mama mwenye bukari, yaani ugali, jikoni hakai pia. Alhamisi ya kwanza nusu yao waliondoka mapema. Alhamisi ya pili Mbelu, kwa kukata tamaa, alifungua mdomo na kilichotoka kikawa shairi lake.

"Mfalme mmoja muzee," alianza, "alikuwa na daraja moya tu ya kuingia mu inchi yake. Akaweka mulinzi pale. Akamuapisha: usipitishe mutu, hata mwenye taji, mpaka akuambie neno ya kweli yenye hauyasikia bado hata siku moya."

"Ule ni kapita," akasema Tata Mukalay, aliyekuwa amemsindikiza mwanawe. Kapita ni msimamizi wa wafanyakazi. "Kapita wa Daraja. Minamujua. Tulikuwa naye ku Mashamba."

Jina likakaa. Mtu wa kwanza kufika darajani alikuwa mfanyabiashara, akaapa kwamba bei zake ni halali. Kapita akamrudisha. Akaja mara ya pili, akasema, "Vitu vyangu vyote vimenichosha," akapita. Alhamisi iliyofuata alikuja mwizi, akasema, "Sijawahi kuiba kitu nilichokihitaji," akapita. Kisha bibi harusi, aliyesema kwamba anamwogopa mama mkwe kuliko chui.

"Na kapita alikuwa hayasikia ile?" Mama Kanku akapiga makofi. "Basi hakuoa, ule maskini!"

Zahanati ikajaa. Walikuja wenye watoto na wasio na watoto. Alhamisi ikifika hakukuwa na haja ya kumkumbusha mtu, maana kila mmoja alitaka kujua nani yuko darajani leo. Daktari Mwenze naye alikuwa na desturi ya kupita karibu na dirisha akijifanya anatafuta kalamu.

"Umeona kazi yangu ni moja?" Mbelu alimwambia. "Wale wa zamani walilitunga shairi hili ili watu wakae mpaka mwisho."

"Na mwisho wenyewe ni upi?"

Mbelu alibadili mazungumzo.

Wakati huo kila kitu kilikuwa kinaanguka, ila watu walikuwa bado wanajifanya hawasikii kishindo. Mgodi ulikuwa umeporomoka. Pampu za Mashamba zilikaa siku nzima kimya, maji yakapanda shimoni, na Tata Mukalay akarudi nyumbani mchana na mikono safi, jambo ambalo lilimtia aibu. Kampuni iliyokuwa baba na mama ikawa baba wa kambo asiyejua majina ya watoto. Na watu wakikosa mkate hutafuta mwenye kosa. Kwenye mikutano wakubwa wakasema wenye asili ya Kasai warudi kwao. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Watu waliozaliwa katika wodi moja ya uzazi wakaambiana neno hilo barabarani.

Alhamisi ya mwisho pale zahanati, Mbelu alifika mahali pagumu pa shairi. Mfalme amekufa. Nchi imegawanyika. Kapita bado anasimama darajani kwa sababu aliapa. Kutoka kwenye ukungu anakuja mtu aliyefukuzwa, nguo zimechanika, naye ni ndugu yake, tumbo moja. Kapita anamwuliza kama alivyowauliza wote. Ndugu anainua kichwa, anafungua kinywa.

"Kiisha, ndugu alisema nini?" wakauliza wote.

"Alhamisi," akasema Mbelu, na moyo wake ulikuwa mzito, maana hapo ndipo nakala zote mbili zilipochanika.

Kabla Alhamisi haijafika, vijana wa mikutano ile walikuja Dilala. Walikwenda mlango kwa mlango kwa wenye majina ya Kasai. Mbelu aliruhusiwa kutoka na kile mikono iliweza kubeba, akachukua sufuria moja na picha za kurasa zake. Mama Kanku alitolewa mchana kweupe, na kwa kuwa alikuwa na mtoto mkono mmoja na godoro mkono wa pili, vyombo vyake vyote vilibaki. Nyumba ya pili uani, pazia la Mama Fidélie lilitikisika mara moja tu, likatulia.

Wote wakapelekwa kituo cha treni. Umati ulilala juu ya saruji, chini ya mabati na mashuka, wakisubiri mabehewa ya kwenda Kamina na kuendelea hadi Mwene-Ditu, kwenye nchi ya baba zao waliyoijua kwa nyimbo tu. Mateso ya pale yameelezwa na wengine. Hapa yatosha kusema kwamba hata pale watu walisuka nywele, walibatiza watoto, na waligombana juu ya zamu ya bomba.

Alhamisi ilipofika, Mbelu alikuwa ameketi juu ya sufuria yake akiamini kwamba jaribio limekufa. Akainua macho. Mbele yake walikuwa wamekaa watoto kwa safu, miguu imekunjwa, midomo wazi kama makinda. Waliijua siku yao hata kama wakubwa walikuwa wamesahau.

Hapo akasimama. Mvua zilikuwa zinaisha. Kilichobaki ni tone la damu la kila mtoto, wa kituoni na wa Dilala. Akampelekea Daktari Mwenze ujumbe, naye daktari akaja, akitazama kushoto na kulia.

"Mbelu, acha. Andika tu kwamba wote walikuwa wazima. Nani atakuja Kolwezi kuhakikisha?"

"Dokta, panya akila ukurasa wa shairi la kale, msomi anafanya nini?"

"Minajua mimi? Anamuua panya."

"Anaacha mahali patupu. Mjinga ndiye anayejaza. Nikijaza hapa, majira yote ya mvua tumewapa watoto wa watu tumbo la kuuma kwa sababu ya uongo."

"Watoto wa Dilala hawatakuja kituoni. Wazazi wanaogopa. Mimi mwenyewe naogopa."

"Watakuja. Wanataka mwisho."

Tata Mukalay alikuwa akija kila siku kuwaletea mahindi ya kuchemsha wenzake wa zamani wa pampu, na vijana waliolinda kizuizi cha barabarani, barrière, walimwacha kwa sababu ya mvi zake na ulimi wake. Mbelu alimpa ujumbe mmoja: Alhamisi ijayo, kituoni, Kapita wa Daraja atajibiwa. Waje na watoto.

Alhamisi ile mchana, kelele zilisikika upande wa mji, na umati wa kituoni ukasimama kwa hofu. Kisha wakaona ni Tata Mukalay, kofia ya mgodi kichwani, na nyuma yake akina mama wa Dilala na watoto wao kama maandamano ya Pasaka.

"Vijana wa barrière walisema nini?" Mbelu akauliza, hajaamini.

"Kijana aliniuliza, 'Muzee, munaenda kufanya nini kwa bilulu?' Nikamwambia, 'Tunaenda kusikia mwisho ya hadisi.' 'Hadisi gani?' Nikamwanzia. Mama, nilifika ku mwizi, akanifungulia. Ananiambia, 'Mukirudia, muniambie ndugu alisema nini.'"

Na kando ya reli, akijificha nyuma ya kofia pana, alikuja Daktari Mwenze na sanduku la sindano, vioo vya damu na kadi za jaribio. "Nilikuwa natafuta kalamu," alisema.

Walichoma vidole mchana kutwa. Watoto wa kituoni na wa Dilala walipigana makonde ya furaha kwenye mstari, na wa kwanza kulia alizomewa kwa Kiswahili na Kiluba. Mbelu alilinganisha jina na uso, uso na kadi. Wote walikuwepo, ila mmoja. Mtoto wa Mama Fidélie.

"Mukeo eko wapi, tata?"

Tata Mukalay alishusha macho, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Anasema hana uso ya kuya hapa."

Mama Kanku, aliyekuwa amekaa juu ya godoro lake, aligeuka upande mwingine.

Umati haukutaka kungoja. "Mwisho! Mwisho!" Basi Mbelu akapanda juu ya sanduku la daktari, akasimulia tena ukungu na nguo zilizochanika, na ndugu anayeinua kichwa, anayefungua kinywa. Akawaonyesha picha ya ukurasa, na ule mpasuko.

"Hapa ukurasa umechanika, labda ni panya. Ndani ya nakala zote mbili zilizobaki duniani. Sijui alisema nini. Hakuna anayejua."

Kilio kilichotoka pale, hata treni haijawahi kupiga.

"Panya!" akapaza sauti Tata Mukalay. "Tumetembea jua yote hii juu ya panya?"

"Mama Mbelu, weka basi hata ya uongo!"

"Ya uongo, kapita hamupitishi," akajibu. "Na mimi vilevile."

Wakaanza kubishana. Mmoja alisema ndugu aliomba maji tu. Mwingine alisema alimtukana kapita, na tusi lenyewe lilikuwa kweli. Walikuwa wamefika kwenye tusi hilo, wakilipima kwa makini, pale kelele zilipopungua nyuma, kisha katikati, mpaka umati ukagawanyika.

Alikuwa Mama Fidélie, mtoto ubavuni na sahani kubwa ya bati kichwani, ile iliyobaki kwenye ua. Alikwenda moja kwa moja kwenye godoro la Mama Kanku, akasimama mbele yake.

"Kanku. Ile siku, niliona. Nilikuwa nyuma ya pazia. Niliona yote, nikafunga."

Mama Kanku akamgeukia.

"Ile," akasema, "nilikuwa siyasikia bado." Akasogea kwenye godoro, akaacha nafasi. "Pita. Na sufuria yangu iko wapi?"

"Iko ku moto. Ina majani ya sombe."

"Sufuria yangu, na sombe yako! Ona mwizi huyu!"

Kicheko kilianzia kwa Tata Mukalay kikaenda mpaka mwisho wa reli. Mbelu hakucheka, maana alikuwa ameshika kidole cha mtoto wa Mama Fidélie. Alichoma, tone likatoka, jekundu na zuri. Jaribio likawa zima.

Akina mama wawili wakapakua bukari ndani ya sahani ya bati, na watoto wao wakainamia kama zamani. Wakamtazama Mbelu kwa woga wa mazoea.

"Hiyo si kinini," akasema. "Hiyo, gaweni."

Treni ilifika baadaye, ikawachukua. Daktari Mwenze alisoma vioo vyote kwa hadubini yake, akatuma majibu bila kuongeza wala kuruka, na matokeo yakawa kwamba dawa mpya haikuishinda ya zamani hata kidogo. Wakubwa walinuna. Dilala hakuna aliyeshangaa. Dawa ngapi mpya zimeletwa nchi hii tangu hapo, na ni ipi iliyoishinda ya zamani?

Mbelu alikaa Mwene-Ditu, akasimamia majaribio mengine, na usiku wa kazi chache alimaliza tasnifu yake juu ya shairi lile. Katika ukurasa wa mwisho wa shairi aliacha mistari mitupu. Wasomi waliomtahini walimwuliza: baada ya miaka yote hii, je, hana hata dhana ya kile ndugu alichosema?

"Nilisikia jibu moja, kituo cha treni cha Kolwezi," akasema. "Lilikuwa la kweli, na mtu alipita. Lakini halimo kwenye ngozi ile ya ndama, kwa hiyo sikuliandika."